Jumamosi za Wankyo

Ile video iliingia kwenye kundi la familia Jumamosi moja saa kumi jioni, Judith akiwa dukani kwake Bunda anampimia mteja waya. Aliifungua kwa mkono mmoja. Baba yao, mzee Magesa, alikuwa amekaa uani kwake Butiama, ubao wa drafti mbele yake, na alikuwa anacheka. Kichwa kilikuwa kimerudi nyuma, mapengo yote nje, mpaka kofia ikamdondoka. Sauti ya Wankyo, mdogo wake Judith, ilisikika ikisema, "Baba umeniibia kete, rudisha." Mzee akacheka tena, akajifuta machozi kwa kiganja.

Video ilikuwa ya sekunde kumi na tisa. Judith aliiangalia mara nne. Mteja alipouliza kama waya umetosha, akajibu ndiyo, kumbe alikuwa amempa mita tatu zaidi.

Judith alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakukumbuka hata siku moja aliyowahi kumchekesha baba yake namna ile.

Kilichomuuma ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa anambeba huyo mzee. Nyumba ya Butiama aliiezeka yeye kwa bati la rangi. Umeme aliuvuta yeye, kisima alikichimbisha yeye, na dawa za presha zilikuwa zinatoka Bunda kila mwezi bila kukosa. Duka lake la vifaa vya ujenzi lilifunguliwa siku saba, hata Jumapili baada ya ibada. Mumewe, Silasi, aliendesha malori ya pamba na alikuwa safarini muda mwingi. Watoto wawili walikuwa bwenini. Judith alipopata nafasi ya kupumzika, alikaa nyuma ya kaunta na simu, akiangalia picha za watu waliokwenda kwenye harusi, na za wenzake aliosoma nao waliopiga picha ufukweni, mpaka kichwa kikamuuma. Akiiweka simu chini alikuwa amechoka zaidi kuliko alipoishika.

Wankyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Musoma mjini, amepanga vyumba viwili, hana gari. Lakini Ijumaa akishafunga vitabu, alikuwa amefunga kweli. Jioni mbili za wiki alicheza netiboli na walimu wenzake. Jumamosi asubuhi alipanda basi kwenda Butiama, akatembea na baba yake hadi bondeni kuangalia ng'ombe na mtama, wakapita kwa majirani kusalimia, wakarudi kula, kisha wakatandika drafti kwa vizibo vya soda mpaka jua linaanguka. Jumapili waliongozana kanisani, halafu akarudi Musoma. Hakuwa anapeleka kitu zaidi ya kilo ya sukari na gazeti.

Judith mwenyewe alikwenda Butiama Jumapili ya mwisho wa mwezi. Alishusha unga, mafuta na sabuni, akauliza kama dawa zipo, akapokea simu mbili tatu za dukani, na kabla saa moja haijaisha alikuwa amegeuza gari. Baba yake alimshukuru kwa heshima sana, amesimama, mikono yote miwili, kama anavyomshukuru diwani. Zamani shukrani ile ilimtosha Judith. Baada ya ile video ikaanza kumkera. Alitaka na yeye aibiwe kete.

Wiki ile hakulala vizuri. Aliwaza kwamba Wankyo anaweka zile video makusudi, ili ndugu waone nani anapendwa. Aliwaza kwamba ni rahisi kucheka na mzee kama mtu mwingine ndiye anayemlisha. Ndipo likamjia wazo la kumnunulia baba runinga.

Aliwaambia watu kwamba baba anakaa mpweke siku tano za wiki, na hilo lilikuwa kweli kiasi, maana mzee aliishi na dada yake mjane, shangazi Marieta, ambaye kutwa alikuwa shambani. Lakini alipompangia fundi Bernado siku ya kwenda kufunga dishi, alimwambia iwe Jumamosi. Fundi akasema Jumamosi ana kazi nyingine, angeweza Alhamisi. Judith akamwongezea hela ili iwe Jumamosi, na mwenyewe akafunga duka akaenda naye, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Walipofika, Wankyo na baba yao walikuwa uani, kete zimeshapangwa. Runinga ilikuwa kubwa, inchi hamsini. Ililetwa ndani ikawekwa kwenye ukuta uliotazamana na kiti cha mzee. Majirani wakajaa mlangoni. Bernado alipopata picha, ilitokea mieleka: majitu mawili yenye suruali zinazobana, moja limelibeba jingine begani. Mzee Magesa akasogeza kiti. Akauliza kama wanaumizana kweli au wanaigiza, na kabla hajajibiwa akasogeza kiti tena.

Wankyo alimsaidia kupandisha sauti, akampongeza dada yake, akasema ni zawadi kubwa. Saa kumi na moja alitoka nje kwenda uani peke yake, akazikusanya zile kete kwenye kopo. Judith alimwona kupitia dirishani. Alisikia raha ambayo hakuitegemea, kama mtu aliyejikuna mahali palipokuwa pakiwasha muda mrefu.

Habari zilizofuata alizipata kwa shangazi Marieta kwenye simu. Judith alikuwa anaulizia mambo ya mahindi na kuku, halafu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka ghafla, anauliza Wankyo hajambo, alikuja? Shangazi akasema alikuja, wakakaa wote ndani kuangalia mieleka. Jumamosi nyingine akasema alikuja, akamwambia baba waende bondeni, baba akasema ngoja kwanza hii iishe, na haikuisha. Jumamosi ya nne shangazi akasema leo hajaja, labda ana kazi za shule. Kwenye kundi la familia video zikakoma. Judith alilisoma lile kundi likiwa kimya na akalipenda hivyo hivyo.

Tena sasa baba yake alikuwa anampigia simu kila siku. Mwanzoni alizipokea kwa kujivuna mbele ya wateja. "Ni baba," aliwaambia, akiinua kidole wamsubiri. Lakini maneno yalikuwa yale yale. Picha imekata. Rimoti imegoma. Kifurushi kimeisha na leo kuna pambano. Siku moja Judith alikuwa na homa, akamwambia baba yake kwamba tangu asubuhi anatetemeka. Mzee akasema pole sana mwanangu, kisha akauliza ile chaneli ya mieleka ni namba ngapi, maana ameipoteza. Judith akamtajia namba. Alikaa na simu mkononi, akajikuta anaionea wivu runinga aliyoinunua mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, siku ya upepo. Mzee alimpigia saa sita mchana, na Judith alikuwa anapokea lori la saruji. Akapiga tena, hakupokea. Akapiga mara ya tatu, Judith akaona jina, akasema moyoni kwamba ni kifurushi tu, atampigia baadaye. Saa nane alipiga shangazi Marieta, akilia. Upepo ulikuwa umegeuza dishi. Mzee alikuwa amepanda kwenye stuli ili alirudishe, miguu ikamlegea, akaanguka.

Judith aliliacha duka wazi mikononi mwa muuzaji wake, Eunice, akaendesha hadi Kiabakari, akakata kwenda Butiama, akakuta majirani wameshampeleka hospitali Musoma kwa gari la mtu. Akageuza. Njia nzima alikuwa anaona zile simu tatu.

Alipofika wodini, Wankyo alikuwepo tayari, ameinama, anamvua baba yao viatu. Viatu vilikuwa havitoki. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba zimezama kwenye nyama. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika. Daktari, mama wa makamo aliyeongea polepole, alisema mfupa utaunga, kinachomtia wasiwasi ni presha iliyopanda sana, ile miguu, na jinsi mzee alivyokosa nguvu. Akauliza, "Huyu mzee anashindaje siku nzima?"

Alikuwa anamwangalia Judith, kwa sababu ndiye mkubwa. Judith alijua aina ya dawa, alijua bei ya bati la nyumba, lakini hakujua baba yake anaamka saa ngapi wala anakwenda wapi. Wankyo ndiye aliyejibu. Alisema zamani alikuwa anatembea kila siku hadi bondeni na kurudi, saa nzima na zaidi, na jioni anakaa nje na watu. Tangu mwezi wa nne anakaa kwenye kiti kuanzia chai ya asubuhi mpaka anapolala. Daktari akaandika, akasema mwili wa mtu wa miaka sabini na nane uliozoea kutembea haupendi kufungiwa ghafla, na moyo nao haupendi.

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi la wageni. Judith angeweza kunyamaza; hakuna aliyekuwa anamshtaki. Lakini akaona kwamba asipolisema jambo lile hapo hatalisema tena.

"Ile runinga niliileta Jumamosi makusudi," alisema.

Wankyo akageuka.

"Fundi alitaka Alhamisi. Nikamlazimisha Jumamosi, ili uwepo. Niliona ile video baba anacheka, nikashindwa kuvumilia. Nilitaka akuache."

Muuguzi akapita anasukuma kitoroli, wakavuta miguu kumpisha.

"Mimi sinaga pesa ya kumpa baba, dada," Wankyo akasema mwishowe. Sauti yake haikupanda. "Bati ni lako, kisima ni chako, kila mtu pale kijijini anasema Judith, Judith. Sijawahi kulalamika. Mimi nilikuwa na Jumamosi tu. Na hiyo ukaichukua."

"Nisamehe."

"Sasa hivi siwezi kukujibu hilo." Akasimama. Akasema kesho wanafunzi wake wanaanza mtihani wa majaribio na yeye anasimamia siku tatu, asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo dada akae na baba. Kisha akaingia ndani kumuaga mzee, na alipotoka alipitia mlango wa upande wa pili.

Hivyo Judith akakaa. Alikuwa hajawahi kushinda siku nzima na baba yake tangu alipoolewa. Siku ya kwanza alishughulika: alinunua ndoo, alibadilisha shuka, aligombana na mtu wa dirisha la dawa, alipiga simu dukani mara kumi na moja. Siku ya pili hapakuwa na kitu cha kushughulikia. Mzee alikuwa amelala chali, mkono kwenye plasta, anaangalia dari. Judith akakaa kwenye kiti cha plastiki. Walitafuta la kusema kama abiria wawili wasiojuana.

"Duka umemwachia nani?" mzee akauliza.

"Eunice yupo, baba."

"Ahaa."

Baadaye mzee akauliza tena, "Na saruji ilishuka yote?"

Judith akasema ilishuka. Akatambua kwamba baba yake hakuwa na swali jingine la kumuuliza, kwa sababu miaka yote yeye hakumletea habari nyingine. Hapo akamweleza kila kitu: video, Jumamosi, maneno ya Wankyo kwenye benchi. Aliongea akiwa anaangalia ndoo.

Mzee Magesa alimsikiliza mpaka mwisho. "Na mimi nimo humo," akasema. "Yule mtoto alikuwa anakaa pembeni yangu ananingoja, nikawa namwona, nikawa naona nitamalizia kesho. Ile kitu inavuta, mama. Inakuvuta mpaka unasahau kama una miguu." Akapumzika kidogo. "Lakini wewe nilikuwaga nakungoja kila mwisho wa mwezi. Nakuwekea kiti kivulini. Unakuja, gari linanguruma pale nje, hata chai huinywi. Nikaacha kuweka kiti, nikasema huyu ana kazi nyingi, nisimchoshe."

Judith hakuwahi kujua kuhusu hicho kiti. Alitoka nje ya wodi akalia karibu na bomba la maji, akanawa uso, akarudi. Siku ile hakupiga simu dukani.

Mzee aliruhusiwa baada ya wiki moja. Runinga haikutupwa. Shangazi Marieta, ambaye miezi yote ile hakupewa nafasi ya kuchagua chaneli, alisema iletwe chumbani kwake, ana tamthilia yake ya saa moja na baada ya hapo anaizima mwenyewe. Mzee hakubisha. Wankyo akarudia Jumamosi zake, mwanzoni wakitembea hadi kwenye mchongoma wa jirani tu na kurudi, kisha mbele kidogo, kisha bondeni. Kwa Judith alijibu salamu, akatuma taarifa za dawa, basi.

Judith aliamua kufunga duka Jumapili. Wauzaji wa maduka ya jirani walimwambia atawapoteza wateja, na kweli baadhi waliondoka. Jumapili ya kwanza alifika Butiama saa saba na hakujua afanye nini. Alizima gari, akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Akaanza kufagia uani. Mzee akamwambia, "Kaa." Akakaa, na dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko siku ya kupokea saruji. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye mfuko wa simu wenyewe. Ubao wa drafti ulikuwa pale ukutani lakini hakuugusa. Ule aliona ni wa Wankyo, na zaidi ya hapo hakutaka kuwa nakala ya mtu. Basi akamwuliza baba yake kuna jambo gani ambalo yeye anatamani kulifanya na halijafanyika.

Mzee akafikiri. Akasema angependa kumwona Masatu wa Murangi. Walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, wakiwa vijana, na sasa ni miaka tisa hawajaonana, kwa sababu njia ni ndefu na hakutaka kumsumbua mtu mwenye gari.

Wakaenda Jumapili iliyofuata. Walipita Musoma, wakashika barabara ya vumbi ya kwenda Murangi, madirisha wazi, na mzee akamwonyesha Judith vilima kwa majina. Masatu alikuwa mzee mfupi, mweusi sana, anayeishi hatua chache kutoka mwaloni ambapo wavuvi wanashusha samaki. Wale wazee walishikana mikono bila kuachiana mpaka wakakaa wakiwa bado wameshikana. Mke wa Masatu akapika ningu wabichi, samaki wa ziwani, kwa ndimu na ugali wa muhogo. Judith alisahau simu kwenye gari na alikumbuka saa mbili baadaye, lakini hakuinuka kuifuata.

Wazee walizungumza mambo ya kiwandani. Mzee Magesa akamwuliza mwenzake kama anamkumbuka huyu mtoto, yule aliyekuwa na miaka sita, aliyekuwa anakaa getini na sinia la karanga za mama yake. Akasimulia jinsi msimamizi alivyotaka kumdhulumu, na mtoto akamfuata mpaka kwenye mashine za pamba akiwa anamshika suruali, hamwachii, mpaka mtu mzima yule akalipa mbele ya wafanyakazi wote. Masatu akasema alikuwepo, na kwamba suruali ilikuwa inashuka. Wakacheka wote wawili. Judith alikuwa hakumbuki hata kidogo. Hakujua kwamba baba yake alikuwa na hadithi inayomhusu yeye, ameitunza miaka arobaini.

Alasiri ile alijilaza kwenye mkeka, upepo wa ziwa unampiga, akasinzia mchana kweupe kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Alipoamka, mzee alikuwa ameomba simu ya Masatu na alikuwa anaongea nayo kwa sauti kubwa. Alikuwa anamwambia Wankyo habari za ningu, jinsi walivyo na mafuta, na kwamba angekuwepo angewamaliza.

Wivu ukamchoma Judith pale pale alipolala. Kwamba hata huku, hata siku hii. Akausikia unavyopanda, akautambua, akaketi na kufunga kitambaa kichwani vizuri. Kisha akanyoosha mkono akaomba simu.

"Wankyo," alisema, "wiki mbili zijazo tunarudi tena. Gari lina nafasi. Nitakupitia."

Upande wa pili zikasikika sauti za wanawake wakipigiana pasi uwanjani.

"Nitaona, dada," Wankyo akasema. "Baba amevaa sweta? Huko jioni kuna baridi."

Judith akamwangalia baba yake. Hakuwa amevaa. Akasema ngoja, akamrudishia mzee simu, akaenda kwenye gari kumletea sweta.